Chunjua za Bi Kuruthumu

Mjini Kasulu, ukitaka bi harusi achorwe hina ikakolea, uliambiwa umtafute Kuruthumu. Kazi alifundishwa na mama yake mkubwa huko Tanga. Alikuja huku na mume muuza vitenge, na mume alipofariki, hina ndiyo iliyomlea yeye na bintiye Shadia. Ilikuwa kazi ya kushika mikono ya watu. Kwa hiyo chunjua ya kwanza ilipochomoza ubavuni mwa kidole, aliipaka hina, akanyamaza.

Chunjua hazina adabu. Zilizaana kuzunguka kucha, ngumu, zenye vidoa vyeusi kama ulezi, na hina ikakolea juu yake kuliko penginepo. Kile alichokificha kikazidi kujitangaza. Akaanza kusalimia kwa mdomo tu, katika mji ambao wenyeji wake, Waha, humpa mtu mikono yote miwili na hawamwachii upesi. Wakasema anaringa. Heri waseme hivyo, alijiambia.

Siku moja alijifungia jikoni akazikata kwa wembe. Damu akaifuta kwa taulo la kuogea. Zilirudi, tena na nyingine zaidi.

Aibu ilimkuta Kibondo, alikoitwa kumchora bi harusi. Mkono mmoja ulishakamilika, na chumba kizima kinausifia. Shangazi wa bi harusi akainama atazame ua vizuri, macho yakatua kwenye vidole vya mchoraji. Hakupaza sauti. Aliutoa mkono wa binti taratibu, kama mtu anayeondoa chombo mezani.

"Bi Kuruthumu, pumzika. Huu wa pili tutaumalizia wenyewe."

Chakula kilipokuja, wengine walizunguka sinia, yeye akaletewa sahani ya peke yake. Alikula, maana kukataa kungekuwa aibu ya pili. Njia nzima ya kurudi Kasulu mikono yake ilikuwa ndani ya mtandio.

Alijifariji kwamba kuna mtu kamfanyia, mwenye kijicho na kazi yake. Faraja hiyo ilidumu mpaka alipokuwa akimwogesha Shadia, akaona vijipele vigumu magotini, na viwili kidevuni.

"Ni kama zako, mama," mtoto akasema. "Shuleni hawataki kukaa na mimi."

Kuruthumu akalikumbuka taulo. Akaukumbuka na wembe ule, aliokuwa akimkatia mtoto kucha. Kule Kibondo alitamani ardhi immeze kwa kuwa ameonekana. Hapa hapakuwa na wa kumwona ila mwanawe, na alishindwa kumtazama.

Kwenye kituo cha afya walipokelewa na tabibu aliyeitwa Winifrida, mwenyeji wa Titye. Kuruthumu alisogeza magoti ya mtoto, mikono yake akaikalia. Tabibu akaiomba nayo. Aliigeuza kwenye mwanga, akaeleza kwamba hakuna uchawi hapo wala uchafu. Ni kirusi, nacho hupenya pale ngozi ilipochanika au kulowana mno. Kuzikata ni kuzipanda upya, na taulo la pamoja huzisambaza. Za mtoto huenda zikaondoka zenyewe, ila taratibu. Afunikwe zile za magotini, na shuleni akae na wenzake. Mama aloweke vidole kwenye maji ya uvuguvugu, asugue kwa tupa ya kucha isiyotumika kwa kitu kingine, apake dawa, afunge plasta. Dawa hiyo isiguse uso. Na kazini avae glavu.

"Nimempa mimi?" Kuruthumu akauliza.

"Huenda ni wewe," tabibu akajibu. "Sasa mtatibiwa pamoja."

Alikwenda shuleni akamweleza mwalimu, akitazama sakafu. Kisha akafanya lililomwia gumu zaidi: alimpigia simu yule shangazi wa Kibondo, akamwambia ugonjwa ni nini, na kwamba kikijitokeza kipele mkononi mwa binti wasikikate.

"Ahsante kwa kusema," shangazi akajibu, akaaga. Nyumba ile haikumwita tena.

Dawa ilikwenda pole pole. Mvua zilipoisha, vidole vilikuwa vimesafika, vimebaki na makovu. Magoti ya Shadia yamepona. Kidevuni kimebaki kimoja. Kuruthumu huchora akiwa na glavu, na mteja akiuliza sababu, humweleza. Wapo wanaoinuka wakaondoka. Uso humwaka bado, lakini huwaacha waende.