Gari la Binti Asiye na Leseni

Kazi yangu ni kushona viti vya magari. Si magari ya kila siku. Ni yale madogo ya mwendo kasi, ya watu wawili, yanayotengenezwa kwa mkono kwenye karakana moja ya kitongoji cha Lidcombe, huku ughaibuni, nyuma ya reli. Bodi yake ni bati la alumini linalogongwa kwa nyundo juu ya fremu ya mbao. Anayegonga ni Mkongomani wa Uvira. Mimi, mtu wa Tanga, nashona ngozi. Bosi wetu ni mzee wa Kizungu aliyeirithi karakana kwa baba yake, naye hushughulika na injini na kila kinachobaki.

Nilipoanza, mteja alisubiri gari lake kwa miaka na hakuona ubaya. Alikuja kulitazama kama mtu anavyokwenda kutazama nyumba yake inavyopanda. Nilimkalisha kwenye kiti ambacho hakijavikwa ngozi, nikampima mgongo na mapaja, nikatia alama kwa chaki. Mwalimu mmoja mstaafu alikuwa akituletea keki. Siku moja nikamwonya kwamba turubai la juu huvuja mvua ikizidi. Akacheka. "Lisipovuja nitalirudisha," alisema. Alipokabidhiwa gari aliondoka akipiga honi hadi mwisho wa barabara, akarudi baada ya wiki chache, matope yamejaa mpaka kwenye mishono yangu. Nilimgombeza sana. Alifurahi kugombezwa.

Wateja wa namna hiyo wakapungua. Wengine walizeeka, wengine walipiga simu kufuta oda. Vijana waliokuja waliuliza kama gia ni otomatiki, kama kuna skrini, kama injini inaweza kutolewa ikawekwa ya umeme. Bosi alijibu hapana, hapana, halafu akaanza kujibu labda. Siku zetu za kazi zikapunguzwa.

Ndipo ikaja oda ya gari la kijani kutoka kampuni fulani. Nikamuuliza bosi mwenye gari anakuja lini nimpime.

"Haji. Tumia saizi ya katikati."

"Katikati ya nani na nani?"

"Wewe shona tu," akasema, akaingia ofisini.

Nikashona. Ngozi ya kahawia, uzi wa rangi ya maziwa. Likaja lori lililofungwa pande zote, likalimeza gari, likaondoka.

Jumapili moja tulikuwa nyumbani Fairfield, tumetoka kanisani, mimi napakua wali. Binti yangu, ambaye anafanya kazi ofisini katikati ya jiji, akaja jikoni na simu yake.

"Mum, nimenunua gari," alisema kwa Kiingereza. Kiswahili anakisikia vizuri, ila kujibu hujibu kwa Kiingereza.

Nilishtuka hata kabla ya kuona picha. Binti yangu hana leseni. Hajawahi kushika usukani. Kila aendako anapanda treni. Kisha akanigeuzia simu, na mwiko ukabaki hewani. Gari la kijani. Viti vya kahawia. Picha ilipigwa karakanani kwetu, kabla lori halijaja; nikaikuza kwa vidole mpaka nikauona ule mshono wa kiti cha abiria, pale ngozi iliponisumbua nikafumua na kushona upya.

"Hili umelipata wapi?"

"Nimenunua kipande tu."

"Kipande kipi? Gurudumu?"

Alicheka mpaka akakaa chini. Akanieleza kwamba kampuni inanunua gari, inaligawa hisa, na watu wananunua hisa hizo kwenye simu. Bei ikipanda, linauzwa na wanagawana.

"Nani analiendesha?"

"Hakuna, Mum. Likiendeshwa thamani inashuka."

"Hata kwenda dukani na kurudi?"

"Hata kutoka getini."

Nikazima jiko. "Hivyo viti nimevishona mimi."

Sasa akashtuka yeye. Aliangalia simu, akaniangalia mimi, akarudi kwenye simu. "Lakini wewe si unashona makochi?"

Miaka yote hiyo narudi nyumbani nanuka ngozi, vidole vimechomwa na sindano, na mwanangu mwenyewe anajua nashona makochi.

Wenye hisa walikuwa na siku yao ya kulitazama gari. Tulipanda treni mpaka kitongoji cha Liverpool, si mbali na kwetu, kisha basi, tukafika kwenye ghala lenye baridi kama ndani ya friji. Mwanamke wa mapokezi alitupa vifuniko vya viatu. Magari yalikuwa yamepangwa mistari, kila moja ndani ya hema la plastiki angavu. Nikaliona letu. Kwenye viti bado kulikuwa na shuka jeupe nililolitandika mwenyewe siku ya lori, ili ngozi isichafuke njiani. Hakuna aliyelitoa. Hakuna hata aliyelikunjua pembe achungulie.

Nimeona magari yakigongwa, nimeona yakiungua. Gari zima, zuri, lililofungiwa hivyo, sikuwahi kuona.

"Tunaweza kufungua mlango?" binti yangu akauliza.

"Samahani, hapana."

"Mimi ni mwenye gari."

"Wenye gari ni wengi," yule mwanamke akasema, wala hakusema kwa ubaya. "Mmoja hawezi kufungua peke yake."

Binti yangu akanishika mkono, akanisogeza mpaka pua zetu zikakaribia plastiki. Akaniuliza kwa Kiswahili, ulimi ukijikwaa, "Mama, wewe umeshona wapi? Nionyeshe." Nikamwonyesha mshono wa juu ya kiti. Mengine yalifichwa na shuka, nikamweleza kwa mdomo. Alisikiliza mpaka mwisho.

Jumatatu nikamwambia bosi niliyoyaona. Hakushtuka. "Wameagiza mengine manne," alisema akitazama sakafu. "Bila hayo nafunga."

Mkongomani akaweka nyundo chini. "Patron, gari hakuna mutu ataendesha? Sasa miye nanyoosha bati ya nini? Nani ataona?"

Bosi akarudi kwenye injini yake. Nyundo ikaanza tena, maana naye ana watoto, na bati lilikuwa limeshapashwa moto.

Mawili kati ya hayo manne nimeshayamaliza. La kijani wenye hisa walilipigia kura kwenye simu, wengi wakataka liuzwe. Binti yangu alikataa, lakini kura yake ilikuwa moja. Alinipigia akiwa kazini, ananong'ona kwa Kiswahili.

"Mama, wameliuza. Kali— kalinunua mtu wa nchi nyingine."

"Limeshaondoka?"

"Haliondoki. Hataki lisafirishwe. Litakaa palepale."

Nikabaki na simu sikioni, cherehani inaunguruma, mguu umesahau kutoka kwenye pedeli.