Wasifu wa Enesi

Meja Jenerali Anyelwisye alikuwa wetu, wa hapa Isansa, na tuliringa naye kupita kiasi. Watu wa Nanyala wakitamba na barabara kuu yao, sisi tulimtaja yeye. Alitoka kwenye mibuni ya baba yake akaingia jeshini, akapanda cheo baada ya cheo. Alilinda amani Kongo. Alivishwa nishani, nasi tukashangilia mbele ya redio kama tumevishwa sisi.

Mkewe, Enesi, alibaki na kahawa, mahindi na watoto. Cheo ni dhamana, tunasema, lakini mzigo wa cheo hiki aliubeba yeye. Nani alimuuliza anaendeleaje? Hakuna. Tulimwita mke wa jenerali, tukaona inatosha.

Mwaka jana jenerali alistaafu. Aliniambia mimi, jirani yake, "Sasa nitaishi na mke wangu." Kahawa haijaiva, Enesi akafariki.

Kwetu mzee wa kanisa ndiye husoma wasifu wa marehemu, uani, kabla jeneza halijapelekwa makaburini. Jenerali alikataa. Hilo moja, alisema, atamfanyia mkewe yeye mwenyewe, tena bila karatasi.

Akasimama na suti nyeusi, nishani kifuani. "Enesi alizaliwa Nanyala. Tulifunga ndoa nikiwa luteni. Nilipokuwa kapteni akamzaa Moses. Nilipokuwa Kongo akamzaa yule wa kike, yule..."

"Lusungu," alisema Tumpale, mama aliyelima na Enesi miaka yote. "Hakumaliza mwezi, shemeji. Tulimzika sisi."

"Lusungu," jenerali akarudia. "Kisha mwaka huu mke wangu akaanza kuugua..."

"Si mwaka huu, shemeji. Ni mwaka wa tatu. Alitukataza kukuambia. Alisema, 'Mwacheni baba Moses amalize kazi yake.'"

Mtu aliyeamuru maelfu aliinamisha kichwa mbele yetu sote. Nililia, wala sioni aibu kusema.

Mzee wa kanisa aliinuka kumwokoa, jenerali akamzuia kwa mkono. Akaenda akaketi chini, mkekani, katikati ya wanawake waliomuuguza mkewe.

"Mama, simama wewe," alimwambia Tumpale. "Anza upya, tangu mwanzo. Na mimi nimjue."