Bi Rukia Aenda Tononoka

Ikisikika harufu ya kaimati kichochoroni kwetu, Mji wa Kale, tulijua sala ya alasiri imekwisha na mpira umeanza. Kichochoro chenyewe kilikuwa chembamba, watu wawili wanene hawakupishana bila kuombana radhi, na goli letu lilikuwa mlango wa duka lililofungwa zamani. Sheria yetu kubwa haikuwa ya kunawa wala ya kuotea. Mtu mzima akitokea, mpira hukanyagwa papo hapo, sote tunabana ukutani na kumwamkia mpaka apite, hata kama goli li wazi.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, hodari wa chenga na mwenye kiburi chake. Msimu ule Kocha Mutua, mwendesha winchi bandarini aliyefunza vijana uwanjani Tononoka, alikuwa akipita mitaani kuchagua wachezaji. Siku aliyofika kwetu nilikuwa nimewapita watatu, goli li mbele yangu, naye ananitazama. Bi Rukia, jirani yetu mjane, akachomoza na sinia la kaimati kichwani. Wenzangu wakabana ukutani. Mimi nilimwona, nisidanganye, nilimwona vizuri. Nikapiga. Mpira uligonga ukingo wa mlango, ukarudi ukampata begani, na kazi yake ya mchana kutwa ikamwagika chini. Kocha akachagua wenzangu wawili, kisha akaniambia, “Mpira unaujua. Lakini kijana asiyesimama kumpisha mama mzee, mimi simtaki.”

Nililia mpaka mamangu akadhani nimevunjika mguu. Kwa wiki mbili nilijificha kila niliposikia kandambili za Bi Rukia, hadi Jumamosi moja aliponikuta ngazini, sina pa kukimbilia.

“Vaa viatu,” akasema. “Nipeleke Tononoka.”

Magoti yake yalikuwa mabovu, na sikuwahi kumwona akienda mbali kuliko sokoni. Siku hiyo alitembea jua la saa nane, buibui likiburura vumbi, akisimama kila penye kivuli kuvuta pumzi. Aliingia hadi katikati ya uwanja, mazoezi yakasimama yenyewe.

“Mwanangu, huyu ndiye alonimwagia kaimati zangu,” akamwambia kocha. “Mwenye haki ni mimi, nami nishamsamehe. Wewe kinyongo chako ni cha nini?”

Kocha akavua kofia. Kisha akanirushia jezi. Nilistaajabu siku ile na bado nastaajabu, maana sikuwa hata nimemwomba msamaha.

Siku hizi mwenye firimbi pale Tononoka ni mimi. Vijana wangu wana njumu na mipira ya kutosha, na wazazi wakiwa na neno hunitumia ujumbe kwa simu. Mwezi uliopita nilimfukuza Kombo, winga wangu bora, kwa kunitusi mbele ya timu nzima. Nikangoja aje na mtu wa kumsemea. Wiki tatu, kimya, na mimi nimekaa na haki yangu. Bi Rukia asingengoja. Jana nilikwenda kwao Liwatoni, nikabisha hodi, nikamwambia mamake nimekuja kumwombea mwanawe msamaha.

“Kwa nani?” akauliza.

“Kwangu,” nikamwambia.