Siku Niliyokuwa Mama Mkwe

Jambo hili bado naona haya kulisimulia. Kanisani kwetu Rongo, mimi na mke wangu tuliombwa kuigiza mume na mke walioamka asubuhi wakiwa wamebadilishana miili. Tulikubali, maana miaka thelathini na minane ya ndoa ni ya kushukuru, hata kwa kicheko.

Jumapili tulikuwa uani tukifanya mazoezi. Mimi nilivaa gauni lake na kitambaa cha kichwa, naye koti na kofia yangu. Mara mgeni akapiga hodi. Alikuwa Otieno, mchumba wa binti yetu Akinyi, ametoka Kendu Bay kujitambulisha kwetu kwa mara ya kwanza. Tulimtarajia Jumatatu.

Kwetu, mkwe hamtazami mama mkwe usoni. Kijana alipoona gauni tu, akainamisha kichwa.

"Mama, habari za hapa?"

Hapo ndipo nilipopaswa kusema ukweli. Lakini niliogopa kumwaibisha binti yangu, nikajibu kwa sauti nyembamba, "Nzuri, mwanangu."

Mke wangu, mchokozi tangu ujana, akakohoa kama mimi. "Mama Akinyi, mgeni amesimama! Kiti kiko wapi?"

Nikakimbilia kiti, gauni likinikwaza.

"Asante, Mama," akasema Otieno, macho chini. "Baba, tuongoze kwa maombi."

Mke wangu akavuta kofia hadi usoni. Mimi, mzee wa kanisa kwa miaka ishirini, nilisikia neno "maombi" nikajisahau kabisa.

"Ee Mungu wa rehema!" nikanguruma.

Otieno akainua macho. Mama mkwe wake alikuwa na ndevu nyeupe.