Mama Aliyenishika Mkono Katuba

Kisa hiki sikusimuliwa. Mkono ulioshikwa ni huu wangu wa kuume, na kama unataka kucheka, cheka sasa.

Enzi zile za Zaire kazi yangu pale Lubumbashi ilikuwa kuwatumia walinzi wa pori mahitaji: unga, samaki wakavu, buti, betri za tochi. Wao walikaa kaskazini, kwenye milima iliyo juu ya ziwa, wakifuata nyayo za sokwe, wale tunaowaita sokomutu, wawindaji wasiwamalize. Mimi sikuwahi kumwona hata mmoja. Nilijua tu kwamba magunia yakichelewa, walinzi wanashuka kutafuta chakula, na wawindaji wanapanda.

Msimu ule wa mvua treni ilikwama, magunia yakachelewa. Kabwe, mkuu wa walinzi, akaniita kwa foni, ile redio yetu.

"Papa, baliua mama moya ya sokomutu. Mutoto wake balimubeba. Banasema anakuya kule kwenu."

Nilizunguka masoko yote nikimtafuta yule mtoto. Wapi!

Jioni moja, mvua imekatika, nilikuwa stoo kwangu, mtaa wa Katuba, nikifunga magunia. Akaingia mama mmoja, kitenge kimelowa, amekivuta hadi usoni. Nikamsalimu. Akanishika mkono.

Niamini, kiganja kile kilikuwa kigumu kama soli ya kiatu, na baridi. Vidole vilikuwa virefu, lakini viwili havikuwepo. Ningeweza kujinasua? Labda. Nilimfuata kama mtoto.

Njiani jirani akanipigia kelele: "Papa, unaenda wapi peke yako mu hii matope?"

Peke yangu! Na kiganja kile bado kilikuwa kimenishika.

Tulisimama mbele ya lango la mfanyabiashara mmoja aliyekuwa akipakia lori la kwenda Mokambo, mpakani. Akaniachia mkono, nikabisha. Akafungua mwenyewe, akaniita raia kwa Kifaransa, kama tulivyoitana enzi zile.

"Citoyen, unatafuta nini?"

"Mutoto," nikasema. Sijui neno lile lilinitokaje.

"Mutoto gani? Hapa hakuna—"

Akatazama nyuma ya bega langu. Sijui aliona nini. Mimi sikuthubutu kugeuka. Alirudi kinyumenyume, akajikwaa, akakimbilia ndani na kujifungia.

Kwenye kreti ya bia, nyuma ya lori, nilimkuta yule mtoto wa sokwe. Mdogo, kafungwa waya kiunoni. Nilipomwinua hakunishika. Alinyoosha mikono yote miwili kupita shingo yangu, akilia. Nikageuka. Hapakuwa na mtu.

Kesho yake nikamuuliza Kabwe kwa foni yule mama aliyeuawa alikuwaje.

"Mukono wa kuume ulikosa vidole mbili. Mutego ulimukata zamani. Sababu gani unauliza?"

Nilizima foni, nikautazama mkono wangu wa kuume.

Mtoto tulimpeleka kambini kwa walinzi. Aliishi, lakini porini hakurudi. Sokwe wenziwe hawakumtaka, akazeeka akilala mlangoni kwa Kabwe. Mimi niliendelea kutuma magunia, na treni ikikwama natafuta lori, nikikosa lori nasafiri nayo mwenyewe. Hadi leo mtu akinyoosha mkono kunisalimu, nautazama kwanza. Wengi wananiona nina maringo.

Nawe, siku utakapoletewa mtoto wa sokwe mjini, amevalishwa shati, watu wanamchekea, usiulize anakula nini. Uliza mama yake yuko wapi. Halafu usingoje jibu ukiwa umesimama langoni pao: huenda mama mwenyewe yuko nyuma ya bega lako.