Haianguki

Watu wa karakana walimwita Gundi, na wale waliopenda kuchezea maneno wakamwita Fundi Gundi, naye hakununa. Kazi yake ilikuwa kubandika vijipezi kwenye mabawa ya ndege ndogo, zile za rubani mmoja na abiria watatu au watano, na katika kazi hiyo hakuwa na mpinzani.

Asiyejua atauliza vijipezi ni nini. Ni vibati vidogo, kimoja hakizidi ukucha wa kidole gumba, vinavyosimamishwa kwa mstari juu ya bawa karibu na ukingo wake wa mbele. Ndege hubebwa na hewa inayopita juu ya bawa ikiwa imelishika. Mwendo ukipungua mno na pua ikainuka, hewa hubanduka, bawa linaachia, na chuma ni chuma, kinarudi chini. Vijipezi huivuruga ile hewa kidogo tu, nayo ikazidi kung'ang'ania. Ndege iliyokuwa ikiachia kwenye kilomita tisini kwa saa, sasa huvumilia mpaka sabini na tano. Kwa rubani anayetua kwenye viwanja vifupi vya milimani, hiyo ndiyo tofauti ya kusimama kabla ya mtaro na kusimama ndani yake.

Ilikuwa kazi ya kuchosha macho. Gundi alibandika utepe wa karatasi wenye alama, akakwangua rangi kwa msasa laini pale penye alama tu, akafuta kwa spiriti, akatia tone la gundi, akabonyeza kwa gumba huku akihesabu mpaka thelathini. Kisha kinachofuata. Themanini na nane kwa ndege moja. Ukimsemesha katikati ya hesabu alianza upya, na uso wake ulikutukana kabla mdomo haujafunguka. Kwa miaka kumi na tisa hakuna kijipezi chake hata kimoja kilichong'oka angani. Laiti mdomo wake ungekuwa na nusu ya nidhamu ya kidole gumba chake!

Alilelewa na dada yake. Mama yao alipofariki yeye alikuwa na miaka sita, dada kumi na saba, na dada ndiye aliyemfundisha kufunga kamba za viatu na kuacha kulia mbele za watu. Dada huyo alikuwa mpiga pasi kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, mashuka mia mbili kwa siku, mikono imejaa makovu madogo ya moto. Alizaa mtoto mmoja tu. Na mtoto huyo, kwa kusikiliza hadithi za mjomba wake kila Jumapili, akaja kuwa rubani.

Alikuwa rubani mwoga. Simdharau kwa kusema hivyo. Mtu aliyeshuka ngazi kwa makalio mpaka alipoanza shule hawezi kuitwa vingine. Alipima mafuta mara mbili. Akiona wingu asilolipenda aligeuza, abiria wanung'unike wasinung'unike. Wenzake walimpa jina la Mama Mjamzito kwa namna alivyokuwa akiishusha ndege, na yeye akacheka nao. Miaka minane hakuwahi kukwaruza hata tairi. Mama yake aliulinda woga ule kama mali. Kila siku ya safari alimpigia simu asubuhi.

"Uogope, mwanangu. Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio."

"Naogopa, mama," kijana alijibu, na wote wawili wakacheka.

Basi kampuni ya ndege iliyomwajiri kijana ikaamua ndege yake nayo itiwe vijipezi. Gundi alimaliza kwa siku mbili na nusu. Asubuhi ya tatu kijana akapanda nayo juu sana kuijaribu, akaipunguza mwendo makusudi kama inavyotakiwa, na aliporudi aliruka kutoka mlangoni kabla injini haijapoa.

"Mjomba! Umeifanyaje hii? Nimeinua pua mpaka naona mbingu tupu, honi ya onyo inalia, nasubiri idondoke, wala! Usukani bado unanisikia!"

Mafundi wakapiga makofi. Mkuu wa karakana, mtu ambaye sifa zilimtoka kwa nadra kama meno, akasema mbele ya wote kwamba mikono kama ile hajaiona. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Gundi akajifuta mikono kwa tambara taratibu, akijua anatazamwa, akasema:

"Hii sasa, mpwa wangu, hata ukiisahau hewani, haianguki."

Wakacheka. Yalikuwa maneno ya furaha tu. Lakini ulikuwa uongo, na aliyejua kuliko wote kwamba ni uongo ni yeye aliyeusema. Hakuna bawa lisiloachia. Tena bawa lenye vijipezi, likishavumilia mpaka mwisho wa uvumilivu wake, linaweza kuachia ghafla, upande mmoja ukitangulia, bila kuaga. Asubuhi ile ile alikuwa ameyaandika hayo yote kwenye kitabu cha ndege, kwa mwandiko wa kupendeza: mwendo mpya, tahadhari, tarehe, sahihi. Mkono uliandika kweli, mdomo ukasema mengine. Mpwa alikisoma kitabu, ndiyo. Lakini kitabu kilikuwa kitabu, na mjomba alikuwa mjomba.

Mabadiliko hayakuja siku moja. Kwanza kijana alianza kutua akitumia nusu ya kiwanja, kisha theluthi. Akakubali safari za viwanja ambavyo zamani alivikataa. Jina la Mama Mjamzito likafa na hakuna aliyelizika. Adhuhuri moja Gundi alikuwa mlangoni mwa karakana na kikombe chake cha chai, akamwona anaingia juu ya uzio, pua juu, polepole kiasi kwamba mkata nyasi aliacha kazi akainua kichwa. Gundi aliujua mwendo ule, alijua umebaki uzi tu. Ndiyo siku aliyopaswa kumvuta mpwa wake pembeni na kumkaripia kama mtoto. Badala yake aliweka kikombe chini akapiga makofi, kwa sababu watu walikuwa wanatazama.

"Mjomba, hivi woga wangu umekwenda wapi?" kijana aliuliza akivua miwani.

"Nimeubandika kwenye bawa," Gundi akajibu.

Wiki ya kumi na nne tangu vijipezi vibandikwe, kijana alipeleka maboksi ya chanjo kwenye kiwanja cha milimani. Walioona walisema aligeuka kuelekea kiwanja akiwa chini sana na polepole sana, kisha bawa la kushoto likainama kama mtu aliyeitwa. Alikuwa juu kwa kimo cha jengo la ghorofa nne tu, na hapo hakuna muda wa kurekebisha lolote. Alikuwa peke yake.

Wachunguzi walikuja wawili, mwanamume na mwanamke, na tepu ya kupimia. Walihesabu vijipezi kwenye mabaki, kimoja kimoja. Sabini na saba vilikuwa mahali pake. Kumi na kimoja viling'oka pamoja na bati lenyewe ndege ilipogonga. "Kazi yako ni safi, fundi," mwanamke akamwambia, kwa upole, kwa kuwa alikwishajua undugu wao. Kisha akauliza kama kuna lolote walilozungumza na marehemu kuhusu mwendo wa ndege baada ya matengenezo.

"Nilimwandikia kila kitu kitabuni," Gundi akasema.

Halikuwa jibu la uongo. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, lakini hawakusema kuhusu ulimi unaojikwaa mara ya pili kwa kunyamaza. Mwanamke akaandika, akamshukuru, akafunga daftari.

Ripoti ilitoka baada ya miezi mitatu. Ndege ilikuwa nzima. Matengenezo yalikuwa sahihi. Rubani alipunguza mwendo kupita kiasi karibu na ardhi, kinyume cha maelekezo yaliyoandikwa. Marubani walifupisha: alikuwa anajionyesha. Neno hilo likatoka uwanjani, likapita mitaani, likafika mpaka chumba cha kufulia cha hospitali.

Dada alimwita Jumapili mchana. Ripoti ilikuwa mezani, imekunjuliwa vizuri, na karatasi tupu pembeni yake, na kalamu.

"Mdogo wangu, kaa. Kazini wananiambia pole halafu wananisengenya nikigeuka. Eti mwanangu kafa kwa kujionyesha. Yule mtoto? Aliyeogopa ngazi?" Akagonga ripoti kwa kidole. "Hawa wameandika kila kitu, mpaka hali ya upepo. Ila hawajaandika mtu aliyeogopa miaka thelathini kaachaje kuogopa. Nani alimtoa woga? Wewe unazijua ndege. Niandikie barua niwaulize."

Gundi aliishika kalamu. Miezi mitatu alikuwa hali, halali sawasawa, akijiambia kwamba ukweli hautamfufua mtu. Sasa aliona ukweli ungefanya nini: ungeliondoa jina la mpwa wake matopeni. Na yeye alikuwa amekaa pembeni na usafi wake, ameshikilia sifa ya kazi nzuri, huku marehemu amebebeshwa mzigo wote. Mchuma janga hula na wa kwao. Huyu alichuma, akawaachia wa kwao wale peke yao.

"Ni mimi, dada," akasema.

Akamweleza yote. Maneno aliyosema siku ya majaribio, kicheko, makofi ya mlangoni, utani wa bawa, swali la mchunguzi na jibu alilompa. Alipomaliza alikuwa analia mbele ya mtu, jambo ambalo mtu huyo huyo alimkanya tangu akiwa na miaka sita.

Dada hakupiga kelele. Alikuwa anatazama mikono yake.

"Miaka thelathini namwambia aogope," akasema. "Kila siku. Wewe ukasema neno moja."

"Dada, nisamehe."

"Andika. Uandike kama ulivyonieleza, usipunguze."

Akaandika barua ya kurasa mbili, akatia sahihi, na kesho yake akaipeleka mwenyewe mpaka kwenye dirisha la kupokelea barua. Kwa wiki saba alingoja kuitwa. Alitaka wamfokee, wamnyang'anye leseni, waandike upya ripoti na jina lake liwe ndani. Karakanani hakubandika kitu. Aliomba apewe kazi ya kuosha injini, na mkuu akampa bila kuuliza.

Jibu lilikuwa ukurasa mmoja. Walimshukuru kwa maelezo yake na kumpa pole tena kwa msiba. Walisema wamepitia upya kitabu cha ndege na kuona tahadhari zote ziliandikwa kikamilifu, na rubani alitia sahihi kwamba amezisoma. Maneno ya mdomo kati ya ndugu hayabadilishi matokeo ya uchunguzi. Ripoti inabaki kama ilivyo.

Alisoma mara nne akitafuta mahali palipomlaumu. Hapakuwepo. Hata kosa lake walilikataa.

Akaipeleka barua hiyo kwa dada jioni ile ile, kwa miguu. Dada alifungua mlango nusu, akaipokea, akaisoma akiwa amesimama pale pale kizingitini, midomo ikitembea kwenye kila neno. Gundi alingoja apishwe kama siku zote. Ndani alikuwa anaona kiti chake, na kwenye ukuta picha ya kijana akiwa na sare.

Dada akaikunja barua, akaitia mfukoni.

"Asante, fundi," akasema.

Tangu azaliwe hakuwahi kumwita hivyo. Kisha akafunga mlango taratibu, kama unavyomfungia mtu aliyekuja kutazama bomba na kusema halitengenezeki.