Aina Tano za Kilio

Kwa miaka kumi na minne Shangazi alifika shule ya chekechea kabla ya walimu wote. Alifungua madirisha, akapanga vile viti visivyofika hata magoti yake, akajaza maji ya kunawia, kisha akasimama mlangoni kupokea watoto. Hakuwa shangazi wa hata mmoja wao. Jina lilimganda tu, kwa sababu kila aliyetaka kufutwa pua, kufungwa kamba za viatu au kupelekwa chooni mbiombio aliita, "Shangaziii!" Kwenye karatasi za ofisi aliandikwa "msaidizi", basi.

Mambo yaligeuka kwa sababu ya msichana mmoja wa miaka mitano, mtoto wa fundi cherehani. Mwalimu wa darasa alimkalisha nyuma kabisa, akisema ni mzito wa kuelewa. Shangazi aliona vingine. Kwenye foleni ya kunawa mikono, mtoto huyu alihesabu vizuri kuliko wenzake, mradi autazame mdomo wa anayesema. Ukimwita akiwa amekupa mgongo, hageuki.

"Mwalimu, huyu si mzito," Shangazi alisema siku moja. "Hasikii vizuri. Mlete mbele."

"Shangazi, wewe shika pua zako, mimi nishike darasa langu."

Akarudi kufuta pua. Siku ya tatu akapiga moyo konde, akabisha hodi ofisini kwa mwalimu mkuu, mwanamke aliyemzidi umri kwa miaka kumi na ushei, tena mgeni wa muhula ule. Mwalimu mkuu hakubishana. Alikwenda mwenyewe darasani, akasimama nyuma ya yule msichana, akapiga makofi. Darasa zima likageuka. Msichana akaendelea kumpaka rangi ya kijani mbuzi aliyemchora.

Wiki hiyohiyo alipelekwa kupimwa masikio, akapewa kiti cha mbele, na muhula ulipokaribia kwisha alikuwa anajibu hata maswali waliyoulizwa wenzake.

"Nani alikufundisha kuona hivi?" mwalimu mkuu alimuuliza Shangazi.

"Watoto wenyewe."

"Basi utakwenda chuo cha ualimu."

Shangazi alicheka mpaka akashika ukuta. Yeye, aliyeishia darasa la saba! Lakini mwalimu mkuu aliandika barua, akaandika ya pili, akaandika ya tatu, akidai kwamba miaka kumi na minne katikati ya watoto nayo ni elimu, na kuipita kama haipo ni dhuluma. Chuo kikakubali angalau kumsaili.

Wasaili walikuwa watatu nyuma ya meza ndefu.

"Mtoto analia siku yake ya kwanza," alisema wa katikati. "Utafanya nini?"

"Analia kilio gani?"

"Kwani viko vingapi?"

"Ninavyovijua mimi, vitano."

Akaanza kuvitoa kwa sauti yake mwenyewe, kimoja baada ya kingine. Cha kumtaka mama, chenye kwikwi. Cha njaa, kinachoanzia chini na kupanda. Cha usingizi, kinachoendana na kufikicha macho. Cha kuonewa, ambacho mwenyewe hukikata kidogo achungulie kama umesikia. Hapo mlango ukafunguka, karani akaingiza kichwa kumtafuta mtoto anayelia, na wasaili wakaangua kicheko hadi mmoja akavua miwani.

"Na cha tano?" aliuliza alipopata pumzi.

"Cha tano hakina sauti, ni machozi tu. Huyo ndiye ninayemwendea kwanza."

Alipokelewa.

Miaka miwili Shangazi alisoma kila Jumamosi. Binti yake wa sekondari alimsahihishia maandalio ya somo kwa kalamu nyekundu, bila huruma.

"Mama, sentensi hii haina mwisho."

"Wewe njoo ukae na watoto thelathini, uone kama wana mwisho!"

Mumewe, fundi baiskeli, aliosha vyombo siku hizo huku akiimba nje ya mahadhi, na kila mteja aliyeuliza habari za tairi alijibiwa kwanza kwamba mke wa fundi yuko chuo.

Somo lake la mwisho la mazoezi, Shangazi alilifundisha mbele ya mkaguzi. Yule mwalimu wa darasa alikaa pembeni akitazama, na watoto walipotoka alimfuata.

"Dada, lile neno la pua nilikukosea."

"Limekwisha. Ila kesho tupange viti pamoja."

Walivipanga nusu duara, pasiwe na nyuma.

Siku ya vyeti, jina lake lilipotajwa, mumewe alisimama juu ya kiti akapaza sauti, "Huyo ni wangu!" Binti yao akajificha uso kwa mikono, akicheka. Sasa Shangazi ana darasa lake mwenyewe, na mwanamama anayefagia shule ameshaanza mwaka wa kwanza wa chuo. Maandalio yake husahihishwa na Shangazi, kwa kalamu nyekundu, naye hana huruma hata kidogo.